Magome ya Roko na Moto Nje ya Ua

Mimi miaka ya sitini nilikohoa karibu yote. Wenzangu wa rika langu wakiikumbuka miaka ile wanakumbuka bendera na mafahali waliochinjwa kwa ajili ya Uhuru. Mimi nakumbuka kifua changu kikilia kama paka aliyefungiwa ghalani. Sasa nina wajukuu, wazuri, wana mapafu ya farasi, na mmoja wao anafundisha watu wazima chuoni. Wananiuliza, nyanya, ni dawa gani iliyokuponya? Nawaambia swali hilo halijibiwi mtu akiwa amesimama. Wakae chini.

Nilizaliwa Takawiri, kisiwani. Kule upepo unaingia nyumbani bila kubisha hodi. Kuta za mama yangu zilikuwa na nyufa unazoweza kupitisha mkono, na moshi ulitoka kama ulivyopenda. Nilikua nikianika dagaa mchangani na sikujua kikohozi ni nini. Kisha nikaolewa bara, kwenye vilima vya juu ya Rodi Kopany, kwa mtu aliyefanya kazi kwenye majani chai huko Kericho. Alinioa, akanijengea nyumba, akarudi Kericho. Nilimwona alipopewa likizo, na likizo zenyewe zilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi.

Nyumba ilikuwa nzuri, sitaki kumsingizia. Ukuta mnene wa udongo, mlango mdogo wa kuinamia, nyasi za paa zikishuka hadi karibu na ardhi. Dirisha la nini? Baridi ya vilima ingeingia. Mafiga yangu matatu yalikuwa ndani, na kila jioni moshi ulijaa hadi uso wa mtu ukaonekana kidevu tu. Na paa langu likawa jeusi. Hilo nilijivunia. Katika boma lile mke alipimwa kwa paa lake. Masizi yaking'aa na kuning'inia kama nywele, watu walijua hapa kunapikwa, hapa kunaliwa, mwenye nyumba ana mikono. Mama mkwe wangu alileta wageni waone paa langu. "Angalieni," alisema, "nilidhani watu wa ziwani wanajua kupika samaki tu."

Yeye ndiye aliyeniita nyar chula, binti wa kisiwani. Alikuwa mrefu, mdomo mkali, vidole vigumu vya kuchimba mizizi. Dawa za kifua ndizo zilizompa jina. Watu walimletea wazee wanaohema na watoto wa pumu, wengine wakitoka mbali upande wa Kehancha, wasiojua Kijaluo, wakiongea naye kwa Kiswahili kilichovunjika huku na kule, na yeye akiwajibu kwa kilichovunjika zaidi. Jioni, kazi ikiisha, wake wote wa boma tulikusanyika jikoni kwake. Tulikaa katika moshi, macho yakitiririka machozi, tukiwacheka waume zetu. Huko ndiko nilikopata kuwa mtu wa pale. Mgeni aliyeolewa hana ndugu. Ana moto wa jioni tu.

Kikohozi kilikuja baada ya kuzaliwa binti yangu wa kwanza. Kilianza kama mzaha, kikakataa kuondoka. Nikiinama kupuliza moto, pumzi ilikwama kama mfupa wa samaki. Nilikonda hadi nguo zikanizunguka mara mbili. Nikapelekwa hospitali Homa Bay, miaka ile ziwa lilipopanda likameza miti ya ufukweni, tukaikuta imesimama majini kama watu wanaooga. Wakachukua makohozi yangu, wakanipiga picha ya kifua, wakaniambia sina kifua kikuu. Wakanipa chupa ya dawa tamu. Nilipoinywa nililala vizuri. Chupa ikaisha, paka akarudi ghalani.

Nilipoeleza bomani kwamba picha haikuona kitu, mke wa shemeji yangu mkubwa alisema picha inaona mifupa, na chira haina mfupa. Chira ndio ule ugonjwa wa kukonda, unaompata mtu aliyevunja mwiko. Hakuna aliyenitukana. Walinipa tu kikombe changu peke yangu. Kibuyu cha uji kilizunguka jikoni mkono kwa mkono, kilipofika kwangu kikaruka, kikatua kwa mwingine. Bado walicheka, bado walinisogezea kigoda, lakini kigoda chenyewe kilikuwa karibu na mlango. Heri mtu akutukane, umjibu.

Mama mkwe ndiye aliyenishika. Aliingia kwangu asubuhi moja na kapu, akanitazama kama anayekagua ng'ombe sokoni, akasema, "Nyar chula, wewe ukitaka kufa, kafie kwa wengine. Hapa kwangu hakufi mtu kwa kifua."

Dawa yake ilikuwa na mambo mawili, na nitayasema kama yalivyo maana siku hizi watu wanauza majani ya kila aina kwenye chupa. La kwanza ni roko, mti wenye vinundu vya miiba shinani kama matiti ya nguruwe. Magome yake yanachemshwa hadi maji yawe na rangi ya chai isiyo na maziwa. Ukinywa, ulimi unauma kisha unakufa ganzi, na joto linashuka kifuani polepole, makohozi yanalegea. La pili ni majani ya ombulu, mtambaazi ule wenye mbegu nyekundu zenye jicho jeusi ambazo watoto wanatungia shanga. Majani ni matamu kama sukari. Unayatafuna, koo linalainika. Majani, nimesema. Mbegu ni sumu. Mbegu moja iliyotafunwa inaweza kuua mtoto, na mama mkwe aliyachuma yale majani kwa mikono yake, hakumtuma mtu.

Halafu kulikuwa na mwiko. Anayekunywa dawa yake hakuruhusiwa kukaribia moto wa kupikia. Hapuliziwi moshi, hakorogi ugali, haingii nyumba yenye mafiga yanayowaka. Alisema dawa ni moto, na mioto miwili haikai kifua kimoja. Kwa hiyo nilihamishiwa kwenye dungu, kile kitanda cha juu cha miti katikati ya shamba la mtama ambacho watu hukaa kufukuza ndege. Paa la nyasi, kuta hakuna. Chakula nililetewa. Binti yangu alichukuliwa na bibi yake, kama watoto wote waliokwisha kuacha kunyonya walivyolala kwa bibi.

Nilikaa kule mtama ukichanua hadi ukakomaa. Kazi yangu ilikuwa kupiga kelele. Ndege walikuja kama vumbi, nikawapigia debe, nikawarushia udongo kwa kombeo, nikawatukana kwa Kijaluo na matusi ya kisiwani ambayo hakuna mtu wa bara angeyaelewa. Ndege pekee ndio niliokuwa nikizungumza nao. Jioni niliona moshi ukitoka katika mapaa ya boma na kusikia kicheko kutoka jikoni kwa mama mkwe, nikijua nani amecheka na amecheka nini. Nilijua hata ni hadithi ipi inasimuliwa. Nilikaa juu ya miti yangu nikinywa roko.

Nikapona. Kweli kabisa. Kifua kikanyamaza, mwili ukarudi. Mama mkwe akanirudisha bomani akitembea mbele yangu kama jogoo, na wagonjwa wakaongezeka mlangoni kwake. Nikawasha mafiga yangu. Watu wakaja wakala. Kibuyu kikafika mkononi mwangu, nikanywa, nusura nilie.

Mvua hazijakwisha, kikohozi kikarudi.

Mama mkwe akanihoji. Nimekula nini? Nimeruka nini? Nimempa nani mkono dawa ikiwa bado mwilini? Sikuwa nimevunja lolote, lakini ukihojiwa sana unaanza kujitafutia kosa. Nikarudishwa shambani, safari hii shamba lilikuwa la mahindi. Nikapona tena. Nikarudi, nikaugua tena. Ikawa ndiyo maisha. Na kila niliporudi kutoka kwenye dungu, binti yangu alinitazama kwa muda mrefu zaidi kabla ya kunijia. Mara ya mwisho hakuja. Alijificha nyuma ya sketi ya bibi yake, na bibi alipomwambia nenda kwa mama, mtoto akamshika yeye. Wanawake walicheka, wakasema ameshasahau. Mimi pia nilicheka. Nilipofika kwangu nikaketi chini sakafuni, na hapo nikajua kwamba nikirudi kwenye dungu tena, sitakuwa na mtoto. Atakuwa mtoto wa boma, na mimi nitakuwa yule mgonjwa wa shambani.

Mwaka huohuo baba mkwe akafariki.

Anayejua kwetu anajua matanga yanavyokuwa. Moto unatolewa nje. Watu wanakuja wengi, wanalala, wanakula, na wake wa boma wanapika uani chini ya anga, masufuria yamepangwa kama jeshi. Nilipika hapo siku zote za matanga, tangu alfajiri mpaka giza. Niliinamia moto, nikabeba kuni, nikakoroga ugali wa sufuria linalotosha kuogeshea ndama. Roko sikunywa tone. Mama mkwe alikuwa mjane, amekaa na kilio chake, nani angemwomba dawa? Kama dawa na mwiko ndivyo vilivyoniweka hai, ningekufa kabla ya marehemu kuzikwa.

Sikukohoa.

Sikuligundua mara moja. Niligundua nilipokuwa nikiimba na wenzangu wimbo wa kilio, sauti yangu ikapanda juu ikakaa huko bila kukatika, na mke wa shemeji akanigeukia. Nikautazama moshi. Ulikuwa ukienda zake juu ya ua, kuelekea Rodi Kopany, haujali mtu.

Matanga yakaisha, mioto ikarudi ndani. Na wangu pia. Hazikupita siku nyingi paka akaanza kulia. Basi nikajipima mwenyewe, maana hakukuwa na mtu wa kunipima. Nilichemsha roko nikanywa huku nikipika ndani kama kawaida: koo lililainika, makohozi yakatoka vizuri, lakini kifua kiliendelea kubana. Nikaacha roko. Asubuhi moja nikabeba mafiga yangu, moja baada ya jingine, nikayapanga nje mbele ya mlango, nikapika huko. Koo lilikwaruza, sikatai. Lakini pumzi iliingia na kutoka kama mtu mwenye nyumba yake.

Moto wa nje hauna pa kujificha. Mama mkwe alikuja akiwa bado na nguo za ujane, akasimama juu ya sufuria langu.

"Nyar chula, nani amekufa?"

"Hakuna, mama."

"Basi moto huu unamngoja nani?"

Nilijua anachosema. Katika boma lile moto wa nje ulikuwa moto wa kifo. Kuuacha ukiwaka wakati watu wote wako hai ni kukiita kingine, na yeye alikuwa amebaki na wana wa kuzika. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Nikamweleza. Nilimwambia habari ya moshi, ya matanga, ya roko niliyokunywa nikiwa ndani na ya roko niliyoiacha nikiwa nje. Alisikiliza yote. Kisha akasema yeye amekaa katika moshi tangu mama yangu hajaota meno, mbona hajafa? Na akiwa anasema hivyo akakohoa, kikohozi kirefu cha kutoka tumboni.

"Unakohoa, mama," nikasema.

"Huo ni uzee." Akajifuta mdomo. Sauti yake ikashuka, na sikuwahi kumsikia akiongea chini hivyo. "Kama ni moshi, mimi nimekuwa nikikupa nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

 Jibu lake ninalo leo, lakini leo sina wa kumpa. Roko ni dawa. Inalegeza kifua, nimeitumia hadi uzeeni na ninaisifu. Lakini haiwezi kufukuza nyoka ambaye unamlisha kila jioni. Na yeye mwenyewe, kwa mwiko wake, alikuwa akinitoa kwa yule nyoka bila kujua. Mwiko wake ulikuwa nusu ya dawa, pengine zaidi ya nusu. Ningejua kusema hivyo siku ile, labda angeketi.

Akachukua mtungi wangu wa maji, akaumwaga juu ya moto. Ugali ukabaki mbichi.

Kesho yake niliwasha tena. Akazima tena. Tuliendelea hivyo, mimi na kuni, yeye na maji. Mwishowe akamwita shemeji mkubwa, na shemeji akaniambia mbele ya wote, akiangalia viatu vyake, kwamba moto uingie ndani ama mimi nirudi kwetu kisiwani. Mtoto atabaki. Ng'ombe wa mahari walikwishatolewa, mtoto ni wa boma. Mume wangu aliporudi Kericho baada ya mazishi alikuwa amesema mambo ya nyumbani ni ya mama, kwa hiyo hapakuwa na mlango mwingine wa kubisha.

Nilimtazama binti yangu aliyeketi kwa bibi yake akila kiazi. Niingie ndani, nitahema hadi nirudi kwenye dungu, nimpoteze. Nirudi Takawiri kwenye upepo, nimpoteze leo hii. Nilizunguka boma zima siku ile kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilipofika kwenye ua wa minyaa, ule uliolizunguka boma lote, nikasimama. Ng'ambo yake kulikuwa na shamba. Wakati wa kulima watu hupika kule, hakuna anayeuliza nani amekufa. Moto wa uani ni wa kifo kwa sababu uko uani. Nje ya ua si nyumbani. Nje ya ua hakuna boma la kuitia msiba.

Nikaenda kwa mama mkwe nikapiga magoti. Nikamwuliza kama desturi inamkataza mke kupikia nje ya ua, shambani, akaleta chakula ndani kikiwa kimeiva. Nikaona anaizungusha desturi akitafuta upande wenye meno. Hakuupata.

"Nje ya ua si kwangu," akasema mwisho. "Huko hata fisi wanapika."

Nikabeba mafiga yangu nikayatoa langoni mchana, watu wakitazama. Nikajenga kipaa kidogo juu ya miti minne, kisicho na kuta, mvua ilipokuja kutoka pembeni nililowa mgongo na moto ukabaki. Nilikunywa roko yangu na kutafuna ombulu yangu, safari hii mbali na moshi, na vyote viwili kwa pamoja vikafanya kazi kuliko kimoja kimoja. Binti yangu alirudi kulala kwangu. Sikupelekwa kwenye dungu tena.

Hilo ndilo nililopata. Nililolipia ni hili. Hakuna aliyekuja kuketi kwenye moto wangu, mwaka huo wala miaka mingi iliyofuata. Waliniita mpishi wa fisi. Mke wa shemeji alikuwa akipita na mtungi anauliza, "Mpishi, wateja wamekula?" Nami namjibu wamekula, na wamekuulizia. Tulicheka, kisha yeye akaingia langoni. Mwanamke hakai nje ya ua kupiga soga, anaonekana kama aliyefukuzwa. Na jikoni kwa mama mkwe mimi sikuweza kuketi, maana moshi ulinikamata mlangoni tu. Nyasi za paa langu zilibadilishwa, zikabaki za manjano, safi, aibu tupu. Wageni walidhani nyumba haina mtu. Jioni nilipika upande huu wa minyaa, wao wakacheka upande ule. Nilikuwa na pumzi ya kutosha kucheka nao. Wa kucheka naye ndiye sikuwa naye.

Kikohozi cha mama mkwe kikakua. Nilikisikia kupitia ua kabla ya kicheko na baada yake, kisha kikawa ndicho kinachosikika zaidi. Wagonjwa walikuja kwake, akawatibu huku akihema kuliko wao. Nilimwambia mara moja tu kwamba kule nje kuna nafasi ya mtu wa pili. Akaniambia nisimtafutie fisi wa kuwapikia.

Alipokuwa hawezi tena kwenda kuchimba, nilikwenda mimi. Nilichuna magome ya roko upande wa jua linakochomoza, kama alivyonionyesha, nikaacha ngozi ya mti ya kutosha usife. Nikachemsha kwenye mafiga yangu, nikaimimina kwenye kibuyu, nikampelekea. Sikuingia, nilisimama mlangoni, moshi ukitoka kunipiga usoni. Alikuja mwenyewe, ameshika ukuta. Alikitazama kibuyu.

"Umeichemshia wapi?"

"Nje ya ua, mama."

Alinusa. Akanywa kidogo, akangoja ulimi ufe ganzi kama mtu anayejaribu kazi ya fundi mwingine. Halafu akanywa yote mpaka chini, akanirudishia kibuyu kitupu. Hakusema asante. Dawa haishukuriwi kwetu, ukiishukuru inalala. Akageuka, akainama, akarudi ndani kwenye moto wake, na mimi nikatoka langoni kwenda kwenye wangu.